Ukijadili sharia Uingereza, anza na cheti cha ndoa

Mjadala kuhusu Waislamu na sheria za nchi za Magharibi huharibika mapema kwa sababu kila aliyekaa ukumbini ana sharia yake kichwani. Mmoja anawaza mikono inayokatwa, mwingine anawaza mirathi ya marehemu mama yake, wa tatu bado ana uchungu wa vikaragosi vya Mtume vilivyochapishwa na gazeti la Jyllands-Posten la Denmark Septemba 2005. Watabishana saa mbili na hakuna atakayekuwa amemjibu mwenzake. Sisi tunaosimamia mazungumzo haya kwa Waswahili wa Uingereza, Wazanzibari, watu wa Mombasa, Wabarawa, tumezoea kuanza na karatasi. Leta cheti cha ndoa, leta barua ya baraza la sharia, yaani jopo la masheikh linalotoa talaka za dini, leta kifungu unachosema kimevunjwa. Karatasi zikiwa mezani, kelele hupungua na aliyedhulumiwa huonekana. Mara nyingi ni mwanamke.

Ninayoyasema hapa yanahusu zaidi England na Wales. Scotland ina sheria yake ya ndoa, na nchi nyingine nitazitaja pale tu tofauti yake inapofaa kujulikana.

Aliyekulia Pwani huja Uingereza na kadhi akilini. Kenya, kadhi ni ofisa wa mahakama anayetajwa kwenye ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, na akiamua kesi ya ndoa, talaka au mirathi baina ya Waislamu waliokubali kwenda kwake, hukumu hiyo ni ya dola. Zanzibar nako Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya serikali. Tanzania Bara haina kadhi wa dola, lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu iliyofungishwa na sheikh mwenye leseni, na ina njia maalumu ya talaka kwa waliooana Kiislamu baada ya usuluhishi kushindikana. Kwa hiyo kwetu, sheikh akishaozesha, serikali nayo imeshajua. Uingereza sheikh anaweza kuozesha mbele ya watu mia tatu, ukumbi umepambwa, pilau imeliwa, na machoni pa sheria pasiwe na ndoa yoyote.

Mabaraza ya sharia ya Uingereza hayana mamlaka ya kadhi. Lile la Leyton, mashariki ya London, lilianzishwa mwaka 1982, na mengine yalifuata Birmingham na kwingineko. Hayawezi kumlazimisha mtu kufika, hayawezi kugawa nyumba, hayawezi kuamua mtoto alelewe na nani. Karatasi yao inasema jambo moja tu, kwamba kidini ndoa imevunjika. Hapo ndipo wanaosema "kuna mahakama sambamba za Kiislamu" wanapopotoka, na ndipo pia wale Waislamu wanaojisifu kwamba "tuna mahakama zetu" wanapowadanganya wenzao.

Lipo jambo linalosahauliwa na pande zote mbili. Tume huru iliyoongozwa na Profesa Mona Siddiqui ilitoa ripoti yake Februari 2018 na ikaona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wanaokwenda kwenye mabaraza haya ni wanawake wanaotafuta talaka ya dini. Sababu yake ni ya kifiqhi. Mume anatoa talaka mwenyewe. Mke akitaka kutoka na mume akikataa kumwacha, anahitaji khului, yaani kujivua kwa kurudisha mahari, au faskhi, yaani ndoa kuvunjwa na mwenye mamlaka ya dini, na faskhi inahitaji mtu wa kuitamka. Ukiyafunga mabaraza leo bila kuweka kitu kingine, unamwacha mwanamke yule amefungwa. Ukiyaacha yalivyo, unamwacha mbele ya jopo ambalo kwa kawaida ni la wanaume, na ambalo huenda likamtaka asuluhishwe na mtu aliyekuwa akimpiga. Anayejadili suala hili bila kuyakiri yote mawili hajalifikia.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mke anajaza fomu, anaambatanisha cheti cha nikaha na hati ya talaka ya mahakama kama anayo, na analipa ada, mara nyingi pauni mia kadhaa. Baraza linamwandikia mume. Asipojibu, linamwandikia tena, na tena, kwa kupisha wiki kadhaa kati ya barua na barua. Kisha wanaitwa kwenye usuluhishi, halafu jopo linaamua. Panapoharibika ni pale mume anapogoma kuzipokea barua na miezi ikapita, au anapodai mahari yarudishwe yote, au anapotoa sharti la kuwaona watoto ndipo akubali. Sharti hilo la mwisho baraza halina haki hata ya kulisikiliza. Kama mahakama ya familia imetoa amri ya ulinzi dhidi ya mume, mke aipeleke nakala pamoja na fomu siku ya kwanza kabisa, na aseme kwa maandishi kwamba hatakaa naye chumba kimoja. Asikubali usuluhishi wa ana kwa ana kwa kuona haya.

Wengi wangeepuka mlolongo huu kama ndoa ingesajiliwa tangu mwanzo. Sheria ya Ndoa ya 1949 inaangalia jengo na utaratibu. Kila mmoja wa wanaooana anakwenda mwenyewe ofisi ya usajili ya eneo alipokaa angalau siku 7 na kutoa taarifa, kisha zinasubiriwa siku 28. Suala la viza likiingia ndani, siku zinaweza kufika 70. Baada ya hapo ndoa inafungwa ama ofisini ama katika jengo lililosajiliwa kwa ajili ya ndoa, mbele ya mtu mwenye idhini na mashahidi wawili. Msikiti unaweza kuwa umesajiliwa kwa ibada tu na haukusajiliwa kwa ndoa, na iliyo mingi iko hivyo. Swali la kumuuliza imamu ni hilo, na aonyeshe cheti. Scotland wenzao wanampa idhini mfungishaji, jengo si hoja, na Tume ya Sheria ya England na Wales ilipendekeza njia kama hiyo mwaka 2022.

Kesi ya Akhter na Khan inafaa kusomwa yote na kila mzazi anayeoza binti. Nikaha ilifungwa katika mgahawa wa Southall Desemba 1998. Mke alimwomba mume mara kwa mara waende wakafunge ya serikali, naye akawa anaahirisha. Wakapata watoto wanne. Walipoachana, Mahakama Kuu mwaka 2018 ilimwonea mke huruma ya kisheria, ikasema ile ilikuwa ndoa batili, na ndoa batili kule bado inakupa haki ya kudai mali. Februari 2020 Mahakama ya Rufani ikasema hapana, ile haikuwa hata ndoa batili, ilikuwa sherehe isiyo na athari yoyote ya kisheria. Kuishi na mtu miaka ishirini hakumgeuzi kuwa mume.

Sasa tazama upande wa pili, ambao Waswahili wengi hawaujui na ni faida yao. Nikaha iliyofungwa Mombasa, Unguja au Tanga kwa kufuata sheria ya huko, ikiwa na cheti, inatambuliwa Uingereza kuwa ndoa kamili. Mke aliyeolewa Unguja mwaka 2003 kisha akahamia Milton Keynes ana haki zote za mke. Jirani yake aliyeolewa Milton Keynes sebuleni hana. Sheikh mmoja, khutba moja, mahari yaleyale. Kwa hiyo cheti cha nyumbani kisitupwe, na kama kimepotea, nakala iombwe kwa msajili aliyekitoa kabla ugomvi haujaanza.

Talaka inafuata mkondo mwingine. Sheria ya Familia ya 1986 inasema talaka yoyote iliyotolewa ndani ya Uingereza haina nguvu isipotolewa na mahakama ya kiraia. Mume aliyeoa kihalali akatamka talaka tatu jikoni kwake Leicester, kisheria bado ana mke. Akioa mwingine kwa ndoa ya serikali, anaingia kwenye jinai. Akitamka London kisha akatuma karatasi nyumbani ikasajiliwe, haisaidii pia, Baraza la Mabwana lililokuwa mahakama ya juu lilishalikataa hilo mwaka 1986. Talaka ya mahakama, tangu Aprili 2022, haihitaji kuthibitisha kosa la mtu. Maombi yakishapokelewa zinapita wiki 20 ndipo hatua ya kwanza iombwe, kisha wiki 6 ndipo ya mwisho, na ada ni zaidi ya pauni 600, wenye kipato kidogo wanaweza kuomba wasamehewe.

Mirathi nayo huwachoma watu. Mtu akifa bila wasia, akaacha mke na watoto, mke anapata vyombo vya nyumbani, pauni 322,000 za mwanzo (kiwango cha tangu Julai 2023) na nusu ya kilichobaki. Mke wa nikaha tupu hapati chochote kwa kanuni hiyo. Itabidi aende mahakamani kudai matunzo kama mtu aliyekuwa akiishi na marehemu. Na hata akiachiwa kwa wasia, hasamehewi kodi ya mirathi anayosamehewa mke halali. Upande mwingine, sheria ya England inamruhusu mtu kuandika wasia anavyotaka, hivyo Muislamu anaweza kuandika mafungu ya Qur'ani na yakafuatwa, ila mtegemezi aliyeachwa bila matunzo ya kutosha ana haki ya kuyapinga. Mwaka 2014 chama cha mawakili cha England na Wales kilitoa mwongozo wa kuandika wasia wa namna hii. Zogo likazuka kwamba sharia imeingizwa kwenye sheria ya nchi, na kabla mwaka haujaisha mwongozo ukaondolewa na chama kikaomba radhi. Haki yenyewe haikubadilika hata kidogo, kwa kuwa haikuwa imetoka kwenye mwongozo.

Hivyo ndivyo zogo linavyofanya kazi. Februari 2008 Askofu Mkuu wa Canterbury, Rowan Williams, alitoa mhadhara mrefu na mgumu juu ya dini na sheria, na katika mahojiano ya redio siku hiyo akakubali kwamba utambuzi wa kiasi fulani cha sharia haukwepeki. Vichwa vya habari vilikimbia na neno hilo moja. Katika mjadala wowote msemaji apewe dakika moja ya kutaja kitu anachokizungumzia, ndoa, talaka, mirathi, biashara au adhabu, kabla hajaruhusiwa kukisifu au kukilaani. Ontario, Kanada, hawakufanya hivyo. Mwaka 2005 serikali ya jimbo ilikata mzizi kwa kutangaza kuwa usuluhishi wa kifamilia kwa sheria ya dini yoyote hautatambuliwa, na Wayahudi na Wakristo waliokuwa wakiutumia kabla ya hapo wakapoteza pamoja na Waislamu.

Tuje kwenye maneno na matusi. Hapa maswali matatu hutiwa chungu kimoja, kama jambo ni haramu katika dini yangu, kama ni jinai katika nchi hii, na kama ni adabu kulitenda. Jibu la moja haliwi jibu la jingine. Mtu wa Tanzania au Kenya huchanganyikiwa zaidi, kwa kuwa kanuni za adhabu za nchi zote mbili zina kosa la kukashifu dini, na zote ziliandikwa wakati wa ukoloni. Mwingereza ameifuta kwake.

Kabla ya hapo malalamiko ya Waislamu yalikuwa na haki kabisa. Riwaya ya Salman Rushdie, The Satanic Verses, ilipowachoma watu, walikwenda mahakamani, na mahakama ikajibu kwamba sheria ya kufuru inalinda Ukristo peke yake. Mwaka 2008 kosa hilo likafutwa England na Wales. Kwa hiyo anayesimama leo London na kusema "dini yao inalindwa, yetu haiguswi" anarudia hoja iliyokufa, na msikilizaji anayejua humpuuza hata kwenye hoja zake nzuri.

Hoja nzuri ipo kwenye sheria ya uchochezi. Wayahudi na Masingasinga wanalindwa kama kabila, na sheria ya kuchochea chuki dhidi ya kabila au rangi inakamata maneno ya vitisho, ya matusi na ya kudhalilisha. Waislamu, kwa kuwa ni watu wa makabila yote, hawakuwamo. Ndipo ikatungwa sheria ya 2006 ya chuki ya kidini. Serikali ilitaka iwe pana. Usiku wa Januari 31, 2006, Bunge liliipunguza makali kwa kura 283 dhidi ya 282. Kilichobaki kinakamata vitisho tu, tena vyenye nia ya kuchochea chuki dhidi ya watu, na kifungu cha 29J kinasema wazi kwamba kuikosoa dini, kuichukia, kuikejeli na hata kuitukana kunaruhusiwa. Anayetaka kulalamika polisi lazima akisome kwanza kifungu hicho. Akipeleka "amemtukana Mtume", faili litafungwa. Akipeleka "ametangaza anwani ya msikiti na kuhimiza watu wauchome", hilo litafunguliwa.

Mwaka 2025 mtu alichoma msahafu nje ya ubalozi mdogo wa Uturuki, London. Mwezi Juni alitozwa faini ya pauni 240 kwa kosa la kuvuruga amani ya umma. Oktoba mahakama ya Southwark ikaifuta hukumu ile na kukumbusha kwamba nchi ile haina tena kosa la kufuru. Aliyemvamia akiwa na kisu alitiwa hatiani vilevile. Hilo la kisu ndilo Muislamu anapaswa kulitaja yeye wa kwanza ukumbini, kwa sauti, bila kusubiri kuulizwa. Vivyo hivyo kwa yaliyotokea Batley, Yorkshire, mwaka 2021, mwalimu alipoonyesha kikaragosi cha Mtume darasani. Wazazi kusimama nje ya shule na mabango ilikuwa haki yao. Vitisho vilivyomfanya mwalimu yule ajifiche na familia yake vilikuwa jinai, na vilikuwa dhuluma.

Nchi nyingine zina mipaka mingine. Austria bado inaadhibu dharau kwa mafundisho ya dini, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubali faini ya yuro 480 mwaka 2018 kwa mwanamke aliyemkashifu Mtume kwenye semina. Denmark ilifuta kosa la kufuru 2017, kisha Desemba 2023 ikapitisha sheria dhidi ya kudhalilisha vitabu vitakatifu hadharani. Ufaransa inaruhusu kuitusi dini, hairuhusu kuwatusi watu kwa ajili ya dini yao. Marekani maneno hayafungi mtu mpaka yawe ya kuchochea uhalifu wa papo hapo au vitisho vya kweli. Kusema "Magharibi wanaruhusu" hakumsaidii mtu.

Habari ya itikadi kali inatugusa Waswahili kwa karibu kuliko wanavyodhani majirani zetu wa Kiingereza. Novemba 2010 kijana wa Kiingereza, Michael Adebolajo, alikamatwa kwenye kisiwa cha Pate, Lamu, akishukiwa kuwa safarini kujiunga na Al-Shabaab. Akarudishwa Uingereza. Mei 22, 2013 yeye na mwenzake walimuua askari Lee Rigby barabarani Woolwich. Wiki mbili baadaye, Juni 5, kituo cha Wabarawa cha Muswell Hill, kaskazini mwa London, kiliteketea kwa moto, na ukutani pakakutwa herufi za kundi la mrengo wa kulia. Wabarawa hao, wasemaji wa Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa, walikimbia vita Somalia miaka ya 1990. Watoto wao walikuwa wakisoma Qur'ani na masomo ya ziada mle. Hawa ndio waliolipia damu ya mtu ambaye hawakumjua.

Yako mambo mawili ya kutenganisha hapa. Kuwa mshika dini mkali wa nafsi yake, kuvaa nikabu, kukataa riba, kuamini kwamba sharia ni bora kuliko sheria ya Bunge, si kosa. Mhubiri Anjem Choudary alisema kwenye televisheni miaka mingi kwamba anataka sharia Uingereza, na hakufungwa kwa hilo. Alifungwa 2016 kwa kuwaalika watu waiunge mkono ISIS, na Julai 2024 alihukumiwa kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 28, kwa kuongoza kundi lililopigwa marufuku. Mpaka uko kwenye kitendo, na vijana waelezwe hivyo hivyo kwa mifano, kwa sababu kusambaza video ya kundi lililopigwa marufuku kwenye WhatsApp kunaweza kuwa kosa hata kama hukuipiga wewe.

Tangu Julai 2015 shule, hospitali na halmashauri zina wajibu wa kisheria, kwa jina la Prevent, wa kuzingatia haja ya kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na humripoti anayeonekana kuelekea huko. Wazazi huogopa kwamba mtoto akisema neno tu ataripotiwa, na yametokea makosa. Lakini katika mwaka ulioishia Machi 2024 ripoti zilikuwa 6,922, za itikadi kali ya Kiislamu zikiwa asilimia 13 na za mrengo mkali wa kulia asilimia 19, na kundi kubwa zaidi halikuwa na itikadi inayoeleweka. Mzazi akiitwa, aombe kwa maandishi ni maneno gani yaliripotiwa na siku gani, aende na mtu wa pili wa kuandika, na ajue kwamba kushiriki kwenye programu ya ushauri inayofuata ni hiari.

Unapoandaa kikao, usimweke sheikh peke yake meza kuu. Awepo wakili wa familia na awepo mwanamke aliyefanya kazi na wanaotafuta talaka. Kisa cha mtu aliye hai kisisimuliwe ukumbini hata kwa kuficha jina, maana jamii zetu ni ndogo na wote hujuana kwa kunga. Maswali ya ndoa yakipokelewa kwa karatasi, kina mama huuliza wasiyoweza kuyatamka mbele ya mashemeji. Na wale wenye nikaha bila cheti cha serikali wasaidiwe palepale kuweka miadi na ofisi ya usajili. Wabebe pasipoti, uthibitisho wa anwani, na hati ya talaka ya mahakama kwa aliyewahi kuoa au kuolewa. Waambiwe mapema kwamba ndoa ya serikali huhesabiwa kuanzia siku watakayoifunga, hairudi nyuma kuifikia nikaha ya zamani, hivyo kila mwezi wa kuahirisha ni wa mke kuupoteza.